Kopo la Mwenye Kuhesabu

Mdogo wangu Dédé ndiye aliyeniambia niandike haya kwa ajili yenu mnaoanza kazi ya kambi za wageni. Anasema nikisimulia kwa mdomo sifiki mwisho, kwa sababu kila baada ya maneno kumi nainuka kwenda nje kutazama mawingu. Ni kweli. Nimeacha kazi tangu mwisho wa kiangazi, naishi Katuba, mjini, mbali na mto wowote wa kuogopwa, na bado situlii mvua ikinyesha mahali nisipopaona. Basi nimekaa mezani na daftari. Mlango nimeufunga.

Sitaandika nani alipandishwa cheo wala nani alilipwa nini. Hayo mtayajua wenyewe, na mengine mtayangojea sana. Nitaandika jinsi nilivyoingia katika kazi hii, mtu aliyenifundisha, na alasiri moja mtoni iliyofanya ubao wa makopo uwe kama mnavyouona leo. Mnanung'unika kwamba ubao ule ni jambo la shule ya watoto wadogo. Nimesikia. Kilichonifanya niache kazi ni magoti, si masikio.

Mama yetu alifariki, na kabla mwaka haujaisha baba naye akamfuata. Baba alikuwa mtu wa reli. Tulibaki watoto watano. Mimi, Véronique, nilikuwa mkubwa, nikiwa mwaka wa pili wa sekondari. Dédé, wa mwisho, alikuwa na miaka miwili. Niliacha shule nikakaa kwenye cherehani ya mama, kwa sababu ilikuwa pale, na kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekaa. Mama hakuniachia maneno makubwa. Aliniambia tu, "Véro, batoto basipotee." Nilielewa neno hilo kama lilivyo. Nikawa nahesabu.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Nyumbani kulikuwa na makopo manne ya bati yaliyopakwa rangi, na kila mdogo wangu alikuwa na lake. Nilifunga uzi kwenye kila mkono wa kopo: mwekundu, wa kijani, mweupe, na wa Dédé wa bluu. Asubuhi makopo yalisimama wima kwenye ubao wa dirisha. Mtoto akirudi, anakunywa maji, anageuza kopo lake mdomo chini. Mimi nikiwa kwenye cherehani nainua macho tu, na kopo lililosimama linaniambia nimtafute nani. Mimi mwenyewe sikuwa na kopo. Sikuona haja. Nilijua niko wapi.

Papa Lenge alinijia siku moja na hema lililopasuka. Alikuwa mzee mrefu kutoka upande wa Manono. Kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi na watafuta madini, wale wanaokaa porini miezi wakigonga mawe kwa nyundo ndogo, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha wanalala pakavu. Wakati huo alikuwa ameajiriwa na mama mmoja wa mjini mwenye lori, tuliyemwita Mama Patroni, ambaye alikuwa ameanza kupeleka watu kupiga kambi: mainjinia wa migodi na familia zao, walimu, kwaya za parokia. Aliliweka lile hema mezani kwangu taratibu kama anayelaza mgonjwa.

"Weye njo unashonaka?"

"Njo miye, papa."

"Hii hema inapasuka kila safari, fasi ile ile. Nilisha kuipeleka kwa bafundi babili. Banaweka kiraka, inapasuka pembeni ya kiraka."

Nililigeuza, nikapitisha kidole kwenye mshono. "Shida haiko kitambaa. Ni ule muntu mwenye kuvuta kamba. Anavuta sana upande wa kushoto."

Alijishika bega. "Ni miye," akasema. "Bega ingine ilivunjikaka zamani." Kisha akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kuya siku moja uone vile tunazisimamishaka. Utashona na akili."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Vifaa vyangu vilikuwa sindano nene ya kushonea magunia, uzi wa nailoni, na kipande cha mshumaa. Uzi unaupitisha kwenye mshumaa kabla ya kushona, ndipo tundu lililoachwa na sindano halivuji. Wengi wenu mnaruka hatua hiyo, na mnajua nani analala chini ya tundu hilo: daima ni mgeni mwenye kelele kuliko wote.

Siku ya kwanza tulikwenda kwenye mto mmoja unaoshuka kutoka milima ya Kundelungu kwenda kuingia mto Lufira. Niliwaacha wadogo zangu kwa jirani, na njia nzima nilikuwa nawahesabu kichwani. Tulipofika niliona mahali pazuri sana: maji safi yaliyojaa mawe ya mviringo, na kando yake mchanga laini kama umepepetwa. Papa Lenge aliniuliza ningeweka mahema wapi. Nilionyesha mchanga.

"Muzuri," akasema. "Angalia sasa juu ya kichwa yako."

Niliangalia. Kwenye panda ya mti, juu kuliko mkono wake ungeweza kufika, kulikuwa na majani makavu yaliyosokotana, na katikati yake beseni la plastiki lililovunjika.

"Nani aliweka ile kintu kule?"

"Ndege," nikasema.

"Ndege wa huku banabeba beseni?"

Watu wa lori walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa napima kwa macho kutoka mchangani hadi kwenye beseni. Alinieleza polepole: mvua inanyesha kule juu ya mlima, mahali usipopaona, wewe hapa unaanika nguo juani, na maji yanakuja baadaye, yote kwa pamoja. Anga lililo juu ya kichwa chako halikuambii lolote kuhusu mto wa mlimani. Tangu siku ile, kabla ya kutazama maji, natazama miti. Takataka kwenye matawi ndiyo alama ya mahali mto ulipowahi kufika, na mahema yanakaa juu ya alama hiyo hata kama wageni wanalalamika kwamba wamelipia mto na wamepewa kilima.

Alinifundisha pia kijiti. Mnachomeka kijiti kirefu ukingoni na kukifunga vitambaa vitatu. Maji yakigusa cheupe, ita watoto watoke majini. Yakigusa cha njano, acha mahema, beba watu. Nilimwuliza: na cha juu kabisa, chekundu, ni cha nini? Alisema ni cha kukumbusha kwamba umechelewa. Na alinifundisha kukagua hema kwa mkono. Jicho linaona blanketi lililovimba na kusema kuna mtu. Mkono haudanganywi na blanketi.

Nitasema kidogo kuhusu ziwa, maana mnalipenda kuliko mto na mnaliamini kupita kiasi. Tulikuwa tukienda Pweto, kwenye ziwa Mweru, safari ya siku mbili ikiwa barabara ina huruma. Safari moja alitufuata injinia mgeni na mke wake, wakivuta nyumba yao ya magurudumu nyuma ya gari. Ilikuwa na vitanda, jiko, friji, na choo chenye mlango. Alitutazama tukipigilia vigingi akatikisa kichwa kwa kutuhurumia. Aliegesha kwenye mchanga karibu kabisa na maji. Nilimwambia kwamba upepo wa ziwa unaamka mchana, na mchanga ule unabeba mtu, haubebi jiko. Alinishukuru vizuri sana. Saa tisa upepo uliamka, mawimbi yakaja kuchimba chini ya magurudumu, na nyumba ikalala upande kama ng'ombe. Wauza samaki wa kukausha kumi na wawili waliacha vichanja vyao wakaja kuivuta pamoja nasi. Hakuna aliyeumia. Jioni injinia alikuja kwenye hema langu akauliza kwa sauti ndogo choo chetu kiko wapi. Nilimwonyesha. Nasimulia hili kwa sababu ndiyo safari pekee ambayo hofu yangu iliishia kwa kicheko, na mtu wa kazi yetu anahitaji kuwa na moja kama hiyo.

Makopo niliyapeleka kambini mwaka wangu wa tatu. Sikuweza kulala kwa kuwahesabu watu ishirini ambao hawatulii. Nikamwambia Papa Lenge tufanye kama nyumbani: kila mtu apewe kopo lenye kitambaa cha jina lake, makopo yakae kwenye ubao mmoja karibu na jiko, na mtu akiingia ndani ya hema, au akiondoka mtoni na kurudi kambini kupumzika, ageuze kopo lake mdomo chini. Wima maana yake bado yuko nje. Alinicheka.

"Bale ba jeologi banahesabia mawe tu. Bantu banajihesabu benyewe."

"Na hakuna mwenye alipoteaka?"

Kesho yake alivunja kreti ya vinywaji akapigilia ubao wa kwanza kwa mkono wake. Ubao ule ndio uliopo hadi leo, ule wenye herufi nusu za jina la bia. Yeye alirudi kwao kupumzika miaka michache baadaye, akaniachia nyundo yake ya mti na kambi yote. Hadi mwisho alivuta kamba upande wa kushoto.

Sasa naja kwenye ile alasiri.

Wadogo zangu walikuwa wamekua. Watatu walikuwa na nyumba zao. Dédé alikuwa na miaka thelathini kasoro na mke, na alikuwa mpishi wetu, mpishi mzuri, mwenye kupika bukari, ugali wetu, kwa moto wa kuni hata mvua ikinyesha. Safari ile tulikuwa na kwaya ya parokia moja ya mjini, watu wazima na wasichana wachache, wakiongozwa na Mama Berna. Pamoja na dereva, Dédé na msaidizi wa mahema aliyeitwa Chantal, ubao ulikuwa na makopo ishirini na mawili. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Lori lilikuwa juu kilimani, pua ikitazama barabara, kama kawaida.

Mke wa Dédé alikuwa Kipushi kwa mama yake, akingoja kujifungua. Pale mtoni rezo, yaani mtandao wa simu, haikuwepo wakati huo, isipokuwa ng'ambo, kwenye jiwe kubwa la kupanda kwa dakika kumi. Mimi nilikuwa nimekataza mtu yeyote kuvuka mto baada ya saa sita mchana katika majira ya mvua. Walijua wote. Dédé alijua kuliko wote.

Baada ya chakula alinijia akijifuta mikono kwa taulo analovaa begani. Yeye huniita Yaya, dada mkubwa.

"Yaya, minaenda kule ku jiwe. Minapiga simu kidogo tu."

"Kesho asubui."

"Kesho asubui mutoto anaweza kuwa alisha kuzaliwa."

"Basi atakuwa alisha kuzaliwa. Hana fasi ya kukimbilia. Enda upumzike."

"Yaya, anga iko safi."

"Dédé."

"Minasikia, Yaya."

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lile la alipokuwa na miaka minane, la mtoto anayesema amefanya hesabu za shule. Ningelitambua kwa mtu mwingine yeyote. Nilikaa karibu na jiko nikashona mkanda wa hema, kisha nikaenda kuona kama mfereji wa kuzunguka mahema umeziba. Niliporudi nilitazama ubao. Kopo la Dédé lilikuwa mdomo chini. Nikasema moyoni, amelala. Nitakuwa mkweli kwenu: nilifurahi. Niliona amenitii.

Wingu lilikuwa juu ya mlima, si jeusi sana. Kwetu jua lilikuwa kali. Nilishuka kwenye kijiti, na kitambaa cheupe kilikuwa kikavu. Nikarudi kushona. Niliposhuka tena mto ulikuwa unabeba majani. Majani makavu yanapita kila siku. Haya yalikuwa mabichi, na matawi madogo bado yana maua. Jani bichi mtoni maana yake limeng'olewa sasa hivi. Kitambaa cheupe kilikuwa kimelowa, na maji yalikuwa yameanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nilipiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko. Mama Berna alitoka hemani na kitambaa cha kichwa mkononi.

"Kuko nini?"

"Mayi inakuya. Peleka bantu yote ku lori. Bintu biache."

"Hata bitabu bya nyimbo?"

"Mama Berna."

"Twende, twende," akawaambia wenzake, na ile sauti yake ikafanya kazi kuliko kifuniko changu.

Kwenye ubao makopo mawili tu yalikuwa wima, ya wasichana wawili waliokuwa wakiosha nywele. Walipita wakikimbia na povu kichwani, wakayageuza chini kwa haraka. Dereva akabeba ubao wote kama trei. Mimi nilibaki kupitisha mkono ndani ya mahema, moja baada ya jingine. Hakuna mtu. Hakuna mtu. Hema la Dédé lilikuwa la mwisho. Mkono wangu ulikuta mkeka umekunjwa vizuri. Simu haikuwepo.

Nilisimama pale nikielewa polepole, kama mtu anayesoma barua ya herufi mbaya. Kopo lilikuwa chini, na mtu hakuwepo.

Nilikimbia kwenye kivuko. Sandali zake zilikuwa ukingoni, zimepangwa pamoja, visigino vikilingana, vile nilivyomfundisha kuziacha mlangoni alipokuwa mdogo. Mimi sijui kuogelea, hadi leo. Nilivuka. Maji yalikuwa magotini nilipoanza na kiunoni nilipofika, na mawe yalikuwa yakitembea chini ya miguu yangu. Sikumwambia mtu. Nilipogeuka upande wa pili, kitambaa cha njano kilikuwa kimekwisha kuguswa.

Nilipanda jiwe kwa mikono na miguu. Juu hapakuwa na mtu. Kulikuwa na taulo lake, lile la begani, limeanguka chini. Kutoka pale niliuona mto mzima: hakukuwa na kivuko tena, wala mchanga, wala kijiti. Maji yalikuwa ya rangi ya matofali na mti mzima ulipita ukiwa umesimama kama unatembea. Nikajua kwamba alikuwa ameshuka kurudi, na kwamba alikuwa katikati maji yalipofika.

Nilimwita. Mto ulikuwa na sauti kubwa kiasi kwamba mimi mwenyewe sikujisikia. Niliita hadi koo likatoa upepo tu. Sikuwa na mawazo makubwa. Nilifikiria nitakavyofika Kipushi kwenye mlango wa mama mkwe wake na nitakavyosimama. Nilifikiria ule uzi wa bluu. Nilikuwa nahesabu wadogo zangu, mwekundu, wa kijani, mweupe, na kila nikifika hapo naanza upya.

Haya yanayofuata niliambiwa baadaye. Dédé akiwa juu ya jiwe aliona maji ya upande wa mlimani yakibadilika rangi. Hakurudi kwenye kivuko, maana alikuwa amenisikia miaka yote hata kama hakunitii. Alikimbia kushuka ukingo hadi kwenye mti mkubwa uliolala kuvuka mto, akapita juu yake akitambaa, peku. Alifika kambini akakuta mahema matupu, akapanda kilimani. Mimi wakati huo nilikuwa kwenye njia ya jiwe. Tulipishana na mto ukiwa katikati yetu.

Kule kwenye lori Mama Berna alikuwa na ubao magotini. Alihesabu makopo, ishirini na mawili, yote chini. Alihesabu watu, ishirini na mmoja. Ndipo Dédé akatokea, wakawa ishirini na wawili, na kwaya ikaanza wimbo wa shukrani. Dédé alitazama huku na huku.

"Na Yaya?"

"Yaya iko anakunja mahema," akasema Mama Berna.

"Hakuna muntu kule. Minatoka kule."

"Lakini makopo yote iko chini, baba. Angalia."

"Kopo yake iko wapi?"

Wakaitafuta. Mama Berna aliniambia kwamba waliitafuta kweli, wakaangalia hata chini ya lori. Chantal ndiye aliyesema, "Ye hana kopo. Hakukuwaka na kopo hata siku moja." Wimbo ukaisha hapo hapo.

Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe na taulo mapajani nilipoona mtu akija ng'ambo, akikimbia kwenye ukingo wa juu, akianguka na kuinuka. Nilimjua kwa mabega. Nilisimama. Alifungua mdomo, akaita, sikusikia kitu. Nami niliita, hakusikia. Tulikuwa tunatazamana kama watu walio nyuma ya kioo. Alikuwa na kitu mkononi. Alikiinua juu ili nikione: kopo lake, wima. Kisha akaligeuza polepole, akaliweka mdomo chini juu ya kichwa chake, na kulishika hapo kama kofia.

Nilicheka. Machozi yalikuwa yakinitoka na nilicheka. Nilitaka kumjibu na sikuwa na kopo. Nikakunja kiganja changu kikawa kama kopo, nikakiinua, nikakigeuza chini. Akakaa kitako pale pale kwenye majani.

Maji ya mlimani yanakuja haraka na kuondoka haraka. Jua lilikuwa bado halijagusa miti mto uliporudi kiunoni. Dereva na Dédé walifunga kamba kwenye mti, wakanivusha. Mama Berna alinifunga kitenge chake bila kusema neno, jambo ambalo kwaya yake ilisema haijawahi kuliona. Tulikuwa tumepoteza mahema mawili ya chini na vitabu vyote vya nyimbo.

Nilimwuliza Dédé sababu tulipobaki wawili karibu na lori.

"Juu ya nini uligeuza kopo?"

Alitazama miguu yake, iliyokuwa imekatwa-katwa na mawe. "Juu usikuwe na wasiwasi."

"Na simu?"

"Rezo haikuingia."

Nilitaka kumpiga, na nadhani alikuwa anangoja nimpige. Badala yake aliinua macho. "Na weye, Yaya? Kama tungeondoka? Makopo yote ilikuwa chini. Nani angejua?"

Nilichana taulo lake nikaanza kumfunga miguu.

Mtoto alizaliwa siku tatu baadaye, na hakukimbilia popote, kama nilivyosema. Dédé hapendi nikilikumbusha. Lakini kabla ya safari iliyofuata aliingia chumba changu cha kushonea na kopo jipya, akachukua uzi mweusi kwenye sanduku langu bila kuomba, akaufunga kwenye mkono wa kopo. Fundo lilikuwa baya sana. Mimi ni mtu wa kushona, vidole viliniwasha. Nililiacha hivyo hivyo.

Kwa hiyo mkiuliza kwa nini ubao una kopo la mkubwa wa kambi, na kwa nini linawekwa la kwanza kabisa, ni kwa sababu hiyo. Anayehesabu anahesabiwa. Kopo linageuzwa na mwenyewe akiwa amefika, halafu mkono unapita ndani ya hema kuhakikisha. Na mtu akitaka kuvuka kwa sababu anayoiona kubwa, msimwambie kesho tu na kurudi kwenye kushona kwenu kama nilivyofanya mimi. Kaeni naye. Mwulizeni mke anaendeleaje. Nilikataza vizuri, lakini sikumwuliza hilo hata mara moja, naye alikuwa na hofu kama yangu. Na muhimu kuliko yote: mtu yeyote asigeuze kopo kwa kumhurumia mwingine. Afadhali anayengoja ateseke kwa kujua ukweli. Hili nimelirudia mbele yenu hadi mnalisema pamoja nami kwa kuniigiza. Endeleeni kuniigiza.

Dédé ndiye mkubwa wa kambi sasa. Siku hizi rezo inafika pale lori linapoegeshwa, na kila safari, jua likishuka, ananipigia. Kopo langu lenye uzi mweusi nilikuja nalo nyumbani siku ya mwisho. Liko kwenye ubao wa dirisha, palepale pa zamani, na akiwa safarini nalisimamisha wima hadi anipigie.

Jana alipiga. Wako mtoni, na upande ule wa mashariki niliona wingu tangu saa tisa.

"Bote bako ndani, Yaya. Nilipitisha mukono. Mayi iko chini, hata kitambaa cheupe haiguse."

"Na juu ya mulima?"

"Juu ya mulima kuko wingu kadogo tu. Geuza kopo yako, upumzike."

"Nilisha kugeuza," nikamwambia.

"Kweli?"

"Kweli."

Akakata simu akiwa ametulia, nilimsikia. Nami nikabaki dirishani karibu na kopo, ambalo lilikuwa bado wima.